Santuri Kwenye Mbegu za Pamba

Jumatatu, 4 Julai 1994

Nimeosha santuri tatu tena leo. Mbili za rumba, moja ya dansi. Sabuni ya mche, maji ya kisima, kipande cha kanga kuukuu. Zimekauka na ukungu mweupe juu, kama sufuria ya chai isiyosuguliwa. Maji ya Bariadi ni chumvi tupu. Nililijua hilo tangu nilipohamia hapa, na bado nikajitia kusahau.

Hizi si zangu, ni za Lameki. Mume wangu yuko machimboni anatafuta dhahabu, huu mwaka wa pili. Ameniachia santuri ishirini na saba na pleya isiyo na sindano. Najifunzia kuosha kwenye za kwake. Nikiziharibu, shauri yake.

Ile yenyewe, ya baba yangu, iko juu ya kabati ndani ya mfuko wa unga. Sijaigusa. Naiogopa.

Jumatano, 6 Julai

Niandike ilivyonifikia, maana kila nikiifikiria napanda hasira na kuruka mambo.

Baba alikuwa ningi, mtu wa kutunga na kuongoza nyimbo kwenye ngoma. Kabla ya Uhuru walichukuliwa yeye na wenzake hadi Mwanza, wakaimba mbele ya mashine, ikatoka santuri. Wimbo mmoja huku, mmoja kule. Akarudi nayo kijijini kwetu Migato anaringa. Miezi michache baadaye akafa, mimi nikiwa tumboni.

Ndugu zake wakaja kugawana. Ng'ombe, ngoma, viatu, hata gramafoni. Mayu, mama yangu, akaiwahi santuri, akaizika kwenye kihenge, katikati ya mbegu za pamba. Kisha akarithiwa na baba mdogo, na baba mdogo hakutaka jina la marehemu litajwe kwenye mji wake. Basi santuri ikakaa huko. Kihenge kikioza mama anaihamishia kingine, na mbegu mpya, na majivu ya kuzuia wadudu. Miaka thelathini na sita mama yangu amelala hatua kumi kutoka kwenye sauti ya mume wake na hakumwambia mtu.

Baba mdogo alikufa mwaka jana. Mwezi uliopita Mayu akamwita kaka Njile, akamwambia achimbe kwenye mbegu, aniletee.

Mayu anaumwa. Miguu imejaa maji, akilala chali pumzi inakata. Hospitalini wamesema tumrudishe nyumbani tumtunze. Wakisema hivyo kila mtu anaelewa. Na yeye ameelewa. Ameomba kitu kimoja tu, baba yetu asikike ndani ya nyumba ile kabla hajaondoka.

Mimi sauti ya baba sijawahi kuisikia. Njile alikuwa na miaka mitano, anakumbuka njuga za miguuni. Basi.

Ijumaa, 8 Julai

Nimeipeleka kwa Masanja pale stendi kama ilivyo, nione kama itapiga bila kuoshwa. Ana kibanda cha kurekodi kanda, na pleya yake ina spidi zote, hata ya zile za zamani zinazozunguka mbiombio. Njile ana radio kaseti, kwa hiyo nikipata kanda, kazi imekwisha. Ndivyo nilivyojidanganya.

Masanja aliitoa kwenye mfuko, akainusa, akairudisha. Mafuta ya mbegu yameganda juu, na majivu yameshika kwenye mafuta. Amesema takataka ile itaua sindano yake, na sindano anaagiza Nairobi. Nisafishe kwanza. Tena nifanye haraka, mwisho wa mwezi anahamia Mwanza na vyombo vyake vyote. Hapa kanda zinaletwa kwa magunia zikiwa zimesharekodiwa, nani atamhitaji? Soko huria hilo, anasema.

Nikamwambia nalijua. Ndilo lililoniondoa posta. Miaka kumi na tano kwenye vifurushi na mifuko ya barua, halafu karatasi moja, tumepunguza wafanyakazi. Tukacheka wote wawili. Kicheko chenyewe hakikuwa na maana.

Jumapili, 10 Julai

Baada ya misa nimepita dukani. Enzi zile tulipanga foleni kutwa nzima kwa kipande cha sabuni. Sasa ziko aina sita zimepangwa na ninaziangalia tu. Nimechukua ya unga, kifuko kidogo kabisa.

Inatoa uchafu kuliko ya mche. Ila karatasi ya katikati ya santuri ya Lameki ililowa ikabanduka, na sasa hakuna atakayejua ni nani anaimba. Ya pili nikaifunika katikati kwa kifuniko cha kopo la maziwa, nikakikandamiza kwa dole gumba huku naosha. Imenusurika.

Halafu nikakausha kwa pamba. Pamba ya shambani, aliyoniletea Njile. Nyuzi zimejaa kwenye kila mfereji wa santuri, nimekaa tangu mchana hadi jua kuzama nazitoa kwa mswaki. Msukuma wa Bariadi, nimezaliwa kwenye pamba, na sikujua kwamba pamba inatoa nyuzi. Kichwa changu kibovu.

Jumanne, 12 Julai

Maji ya betri! Si asidi, yale maji yenyewe ya kuongezea. Fundi wa betri pale gereji aliniambia hayana chumvi wala kitu chochote, ndiyo maana betri haziharibiki. Akanijazia chupa bure, akataka tu kujua ninamwoshea nani. Nikasema namwoshea baba yangu.

Sabuni kidogo kwenye maji ya vuguvugu, mswaki laini kufuata mifereji, kusuuza kwa maji ya betri, kukausha kwa nepi kuukuu ya mtoto wa jirani. Hakuna ukungu. Imetoka nyeusi inang'aa. Masanja akaipiga, rumba ikasikika mpaka pumzi ya mpiga tarumbeta kabla hajapuliza. Nilifurahi hadi nikaona aibu mbele ya wateja.

Lameki akirudi atakuta santuri zake zina afya kuliko yeye.

Alhamisi, 14 Julai

Leo nimeosha ya baba. Ni nzito, nene kuliko za Lameki, na ukiigonga inalia kama sahani ya kaure. Karatasi ya katikati imeliwa na mende, jina lake halipo.

Majivu yametoka. Ganda moja la mbegu lilikuwa limenata, nikalitoa kwa ukucha. Mafuta yamegoma. Yamekaa kama masizi ya chungu, unasugua unaona yamesogea tu.

Ijumaa, 15 Julai

Masanja amekubali kujaribu. Akatoa sindano yake ya zamani, akasema hii ikifa nisiililie.

Kelele kwanza, kama bisi kwenye kikaango. Halafu nyuma ya kelele, mtu. Mwanamume. Kama anaimba upande wa pili wa ukuta mnene. Nilishika meza. Halafu sindano ikateleza kwenye mafuta, ikaruka hadi katikati, kwisha. Muda wa kumeza mate mara mbili. Sikuweza hata kusema sauti ni nene au nyembamba.

Masanja akaniuliza, "Nirekodi hivi hivi, dada Kabula? Nitaishika kwa mkono isiruke."

Nikakataa. Nataka Mayu amsikie vizuri, maneno na kila kitu, siyo mtu wa kwenye bisi. Akainua mabega. Nikairudisha kwenye mfuko, nikaondoka kichwa juu.

Jumamosi, 16 Julai

Dereva wa lori la pamba kaleta salamu za Njile. Siku hizi wanunuzi ni wengi, malori yanapita Migato kila siku, kwa hiyo habari mbaya nazo zinafika mapema. Mayu anakunywa uji vijiko viwili, cha tatu anakataa. Kila asubuhi anauliza kama Kabula amemaliza kumwogesha baba yake.

Sina la kufanya. Nimeisugua mara mbili tena. Mafuta yako palepale.

Jumapili, 17 Julai

Rebeka, jirani yangu, nesi wa zahanati, ameniona nimekaa nje na beseni. Akasema mafuta dawa yake ni spiriti. Siku hizi inauzwa hata kwenye maduka ya dawa, ila yeye alikuwa na nusu chupa, akanipa na pamba ya hospitali ambayo haitoi nyuzi.

Sikukurupuka. Nimejifunza. Nimeanza na mbili za Lameki zenye alama za vidole vya walevi wenzake. Spiriti kidogo, maji ya betri kidogo, napaka, nafuta. Mafuta yameondoka kama hayajawahi kuwepo.

Kesho nitazipigisha kwanza kwa Masanja. Zikiwa salama, nahamia kwa baba.

Jumatatu, 18 Julai

Ziko salama. Safi ajabu. Masanja mwenyewe ameomba nimfundishe.

Nimerudi mbio, nimemaliza ya baba jioni hii. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya pili nyeusi. Ya tatu. Uchafu wa miaka thelathini na sita, nilikuwa nauona unatoka kwa macho yangu. Juu palikuwa panatanata kidogo, nikajua ni mafuta yanalainika, nikaongeza spiriti bila maji. Pande zote mbili. Nimetumia vipande kumi na viwili vya pamba. Kuna harufu ilinijia ninayoijua vizuri, sikukumbuka ni ya wapi.

Nilikuwa naimba. Sijaimba nyumba hii tangu Lameki aondoke.

Jumanne, 19 Julai

Hakuna kitu.

Masanja ameweka sindano. Shaaa. Akasogeza mbele. Shaaa. Akageuza. Shaaa, mwanzo hadi mwisho. Sindano ikanyanyuka na donge jeusi kwenye ncha. Tulipoiweka juani, juu pamefifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na mifereji imelala. Nikamwambia ajaribu tena. Akajaribu, maskini, mara nne, kwa ajili yangu tu.

Akamwita Mzee Abdallah wa duka la pili, aliyekuwa anauza santuri zamani. Mzee akaipima mkononi, akakwaruza ukingo kwa ukucha, akauliza nimeifanyia nini. Nikamweleza.

"Mwanangu, hizi nzito si plastiki," akasema. "Hizi ni lakiri. Spiriti inaiyeyusha."

Lakiri.

Miaka kumi na tano nimeyeyusha lakiri kwenye moto wa mshumaa, nikadondosha kwenye fundo la mifuko ya barua, nikagonga muhuri. Na kila jioni, kabla ya kufunga ofisi, nilitoa lakiri kwenye kucha zangu. Kwa spiriti. Kwa pamba na spiriti! Ile ya posta nyekundu, hii wameitia weusi, basi hiyo ndiyo tofauti. Harufu ile ile. Bariadi nzima hakuna aliyetakiwa kujua kuliko mimi.

Haukuwa uchafu ule kwenye pamba. Alikuwa baba.

Jumatano, 20 Julai

Sijatoka ndani. Rebeka amekuja kuuliza imekuwaje, nikamwambia ninaumwa tumbo. Si kosa lake. Nikimwona sasa hivi nitamtukana.

Vile vipande kumi na viwili vya pamba viko kwenye bakuli. Kuvitupa siwezi. Kuviweka, niviweke vya nini?

Alhamisi, 21 Julai

Mzee Abdallah amesema mashine haikuwa inatoa santuri moja, zilitoka nyingi zikauzwa. Akamkumbuka mtu wa Binza, kule Maswa, mwenye baa, aliyekuwa anakusanya za ngoma. Nimedandia gari la asubuhi, sikunywa hata chai.

Mwenye baa alifariki. Mtoto wake amebadilisha, anapiga kanda. Santuri za baba yake watoto walizirusha uwanjani, zikaisha. Alinionyesha kipande kimoja kilichobaki, wamekiwekea mtungi wa maji juu yake. Nilipiga magoti nikakisoma. Kwaya.

Nimerudi na vumbi mdomoni. Nimechoka hoi, na hasira hata sina pa kuzipeleka.

Ijumaa, 22 Julai

Salamu tena kutoka kwa Njile. Nije, na nije na kanda.

Masanja amenifuata nyumbani. Ana wimbo wa ngoma wa zamani, wa ningi mwingine, mtu wa upande wa Kwimba, sauti nzuri. Amenirekodia. Amesema mama ni mgonjwa, miaka imepita, wimbo wa Kisukuma ni wa Kisukuma, atafurahi na atapumzika. Hakutaka malipo. Ameongea kwa huruma na ndiyo maana sikumfukuza.

Kanda iko mezani. Kumdanganya mama yangu anayekufa. Au kumwambia ukweli, afe na ukweli huo. Nimeizungukia meza mchana wote. Yamenishinda. Nimeiweka kwenye mkoba.

Jumamosi, 23 Julai

Migato. Nimefika saa saba mchana juu ya lori tupu linalofuata pamba.

Mayu wamemwegemeza kwenye magunia, hawezi kulala tena. Amekwisha. Mikono ni mifupa, miguu kama magogo. Aliponisikia alinyoosha kiganja, nikajua anataka nini. Njile akaleta radio. Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nikaitia kanda ya uongo.

Yule mtu wa Kwimba akaimba. Njile akainamisha kichwa, machozi yakamtoka, anadhani ni baba. Mayu hakulia. Alisikiliza hadi mwisho, ametulia, kama mtu anayemsikiliza mgeni kwa adabu.

Kisha akasema kwa Kisukuma, polepole, "Anaimba vizuri huyu. Ni nani?"

Nikamwambia yote. Mbegu, mafuta, spiriti, lakiri, pamba nyeusi. Kwamba Masanja alitaka kurekodi na nikakataa kwa kiherehere changu. Njile akatoka nje bila kunitazama. Nikamwomba Mayu msamaha. Nikamwambia nimemnyima kitu kimoja alichokitaka duniani.

Akatikisa kichwa. Alihema kwanza, muda mrefu.

"Mimi ninayo," akasema, akajigusa sikio. "Sijaisahau hata siku moja. Nilitaka wewe umsikie."

Jumapili, 24 Julai

Amejaribu kunipa.

Asubuhi alikuwa na nguvu kidogo. Ameniambia ilikuwa nene ikianza, halafu inapanda bila kuvunjika, na mwisho wa mstari alikuwa anaivuta kama hataki kuiachia. Akajaribu kuonyesha. Pumzi ikakata kwenye neno la pili. Akajaribu tena, nikamwomba aache, akakataa, mbishi mama yule. Nilichosikia ni sauti ya mwanamke mzee mgonjwa. Nilikuwa natazama mdomo wake kama kiziwi.

Mchana akasema sauti ya baba haikupotea yote. Kuna kipande kimekwenda kwa Njile. Nikamuuliza kipi. Alikuwa ameshasinzia.

Jumatano, 27 Julai

Haongei tena. Anafumbua macho, anafumba. Nalowanisha midomo yake kwa kitambaa. Njile amenisalimia leo asubuhi, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Nilisubiri azinduke aseme kipi. Hakuzinduka.

Jumanne, 2 Agosti

Tumemzika Mayu Ijumaa. Wageni wameondoka jana, wa mwisho ni mashangazi kutoka Kimali, na kuku wawili wamebaki wakizurura uwanjani.

Nimeosha masufuria ya msiba. Nimekunja mikeka. Njile ameniambia nikae hadi mwisho wa wiki, malori yapo, sina haja ya kukimbilia mjini. Hatujaongea habari ya santuri. Naona hatutaiongea.

Jioni nilikuwa nafagia mbele ya nyumba. Njile alikuwa kwenye zizi anaita ng'ombe, mmoja mmoja kwa jina lake, kama anavyofanya kila siku. Nikaacha ufagio. Anaanza chini, anapandisha, jina la mwisho analivuta kidogo. Nilisimama pale hadi wote wakaingia na akafunga zizi. Nilisikiliza kila jina. Sikujua kipande kipi ni chake na kipi ni cha baba.